Uhusianifu Maalumu na Asili ya Kani ya Sumaku: Ufafanuzi kwa Mfano wa Nyaya za Umeme na Dhahabu ya Sekenke, Mkoani Singida

IKISIRI

Makala haya yanafafanua jinsi nadharia ya uhusianifu maalumu, iliyowasilishwa na Albert Einstein mwaka 1905, inavyoeleza chanzo cha kani ya sumaku baina ya nyaya zinazopitisha mkondo wa umeme. Ufafanuzi unajengwa juu ya mfano wa nyaya za shaba zinazopeleka umeme kwenye mota katika eneo la machimbo ya dhahabu la Sekenke, wilayani Iramba. Hoja kuu ni kwamba kani ya sumaku baina ya nyaya hizo ni kani ya umeme inayoonekana na mtazamaji aliye katika mwendo tofauti. Athari ya uhusianifu katika waya ni ndogo kupita kiasi, kwani elektroni husogea kwa kasi isiyofikia hata milimita moja kwa sekunde. Hata hivyo, athari hiyo hudhihirika kwa sababu chaji zinazohusika ni nyingi mno na zimesawazishana karibu kikamilifu. Makala yanaonyesha pia kwamba atomu ya dhahabu yenyewe ni ushahidi wa mojawapo ya dhana zinazotegemewa na hoja hii, na yanabainisha mipaka ambayo hoja haipaswi kuvuka.

1.0 Utangulizi

Katika ufundishaji wa fizikia mashuleni, kani ya sumaku huletwa kwa mwanafunzi kama kanuni ya kukariri. Mwanafunzi hufundishwa kunyoosha vidole vitatu vya mkono wa kushoto kwa kufuata kanuni ya Fleming: kidole kimoja huonyesha uga wa sumaku, cha pili mkondo, na cha tatu mwelekeo wa kani. Kwa kanuni hiyo anaweza kukokotoa na kujibu mtihani vizuri. Swali linalobaki bila jibu ni la msingi zaidi: kwa nini waya wa shaba, ambao kwa ujumla wake hauna chaji yoyote, uvute waya mwingine ambao nao hauna chaji?

Kwa upande mwingine, uhusianifu unapofundishwa, huambatanishwa na vyombo vya angani, mapacha wanaozeeka kwa viwango tofauti, na kasi zinazokaribia ile ya nuru. Kutokana na mifano hiyo, wengi hudhani kwamba nadharia hii haina la kusema kuhusu vitu vya kawaida vinavyokwenda polepole. Mada hizi mbili hubaki kama wageni wasiofahamiana, ilhali kihistoria na kinadharia ni ndugu wa damu moja. Jina la makala ya Einstein ya mwaka 1905 lilihusu elektrodinamiki ya vitu vilivyo katika mwendo, na mfano wake wa kwanza ulikuwa sumaku na kipitishi cha umeme.

Makala haya yanatetea hoja moja: mota inayozunguka kijijini ni tukio la kihusianifu. Njia inayofuatwa ni ile iliyoenezwa na Edward Purcell katika kitabu chake cha kiada cha umeme na usumaku cha mwaka 1965, isipokuwa hapa inatembezwa kwa tarakimu za waya halisi ili msomaji aone ukubwa wa kila kinachotajwa.

2.0 Sekenke kama mazingira ya mfano

Sekenke iko katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, karibu na mteremko mkali unaofahamika kwa wasafiri wa barabara ya Singida kwenda Igunga. Kijiolojia, eneo hili ni sehemu ya ukanda wa miamba ya kale unaoitwa Iramba–Sekenke. Uchimbaji wa dhahabu wa kibiashara ulianza hapa mwaka 1909 chini ya utawala wa Kijerumani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, koloni lilipokatwa mawasiliano na Ujerumani, dhahabu ya Sekenke ilitumika kupiga sarafu ya rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, sarafu inayokumbukwa kwa picha yake ya tembo. Leo eneo hili linafahamika kwa wachimbaji wadogo.

Sababu mbili zinaifanya Sekenke ifae kwa mjadala huu. Ya kwanza ni kazi ya umeme katika uchenjuaji. Mawe yenye dhahabu husagwa kwa karasha, na maji ya mashimoni huvutwa kwa pampu. Mashine za aina hii zinapoendeshwa kwa mota, nguvu yake yote hupita katika nyaya za shaba. Sababu ya pili ni dhahabu yenyewe, ambayo kati ya metali zinazofahamika na watu wengi ndiyo inayoonyesha uhusianifu waziwazi zaidi. Nyaya zitatupatia hesabu, na dhahabu itatupatia ushahidi.

3.0 Dhana za msingi

3.1 Kani ya umeme

Chaji zinazofanana husukumana na chaji zinazotofautiana huvutana. Kwa mstari mrefu wenye chaji λ kwa kila mita, uga wa umeme katika umbali r ni λ/(2πε₀r), ambapo ε₀ ni kigezo cha umeme cha ombwe. Chaji q iliyowekwa hapo hupata kani sawa na q mara uga huo. Tunachukua kwamba kanuni hii, inayotokana na sheria ya Gauss, hubaki kweli hata kama chaji za mstari huo zinatembea kwa mwendo sawia.

3.2 Chaji haibadiliki kwa mwendo

Dhana ya pili ni kwamba kiasi cha chaji ya chembe hakitegemei kasi yake. Elektroni iliyotulia na elektroni inayokwenda mbio zina chaji ileile. Dhana hii si ya kupokelewa hivihivi, kwa sababu mambo mengine mengi, kama urefu na muda, hubadilika kulingana na mwendo wa mtazamaji.

Ushahidi wake umo ndani ya punje ya dhahabu. Atomu ya dhahabu ina protoni 79 katika kiini. Elektroni zake za ndani kabisa, zikivutwa na kiini chenye chaji kubwa namna hiyo, huwa na kasi inayokadiriwa kuwa 79/137 ya kasi ya nuru, yaani takriban asilimia 58. Elektroni za nje huenda polepole zaidi, na protoni ndani ya kiini zina mwendo wa namna nyingine kabisa. Kama chaji ingeongezeka au kupungua kwa mwendo, jumla ya chaji za elektroni 79 isingelingana na jumla ya chaji za protoni 79, na kila kipande cha dhahabu kingekuwa na chaji kubwa ya umeme. Dhahabu iliyolala juu ya mizani haina chaji hiyo. Vipimo makini vya gesi za haidrojeni na heli, ambavyo John G. King alivitangaza mwaka 1960, vilithibitisha usawa huo kwa usahihi wa hali ya juu sana.

Inafaa kuongeza kwamba rangi ya dhahabu nayo inatokana na kasi hizo. Athari za uhusianifu huvuta baadhi ya ngazi za nishati za elektroni za nje karibu na kiini na kusukuma nyingine mbali. Pengo baina ya ngazi hizo hupungua kiasi cha kuifanya dhahabu ifyonze mwanga wa buluu na kurudisha ule wa manjano na mwekundu. Fedha, yenye protoni 47 tu, huathirika kidogo zaidi; hivyo hubaki nyeupe. Rangi ya manjano ya dhahabu ya Sekenke, kwa hiyo, ni uhusianifu unaoonekana kwa macho matupu.

3.3 Ufupikaji wa urefu

Dhana ya tatu ni zao la uhusianifu moja kwa moja. Kitu kinachopita mbele ya mtazamaji kwa kasi v hupimwa na mtazamaji huyo kuwa kifupi, katika mwelekeo wa mwendo, kuliko kinavyopimwa kikiwa kimetulia. Urefu hugawanywa kwa γ, ambapo γ = 1/√(1 − v²/c²), na c ni kasi ya nuru. Kwa kasi za kila siku γ inakaribia sana 1, na ndiyo maana hatuoni ufupikaji huo kwa macho.

Tukiunganisha dhana ya pili na ya tatu tunapata matokeo muhimu. Chukua safu ya chaji zilizopangwa kwenye mstari. Mtazamaji anayeiona safu hiyo ikitembea huona nafasi baina ya chaji ikiwa imefupika, lakini chaji yenyewe haijapungua. Hivyo, kwake yeye, chaji kwa kila mita imeongezeka mara γ kuliko anavyoihesabu mtazamaji anayetembea pamoja na safu.

4.0 Waya mmoja, watazamaji wawili

4.1 Mtazamaji aliyesimama chini

Chukua waya wa shaba uliolazwa kwenye kiwanja cha machimbo. Ndani yake zimo ayoni za shaba, zenye chaji chanya, ambazo zimetulia. Zimo pia elektroni huru zinazosogea kwa kasi v. Kwa mtu aliyesimama kando ya waya, chaji chanya kwa kila mita ni λ, na chaji hasi kwa kila mita ni −λ. Jumla ni sifuri, kwa hiyo waya hauna uga wa umeme nje yake. Mkondo wake ni I = λv.

Sasa weka kando ya waya huu, kwa umbali r, elektroni nyingine inayosogea sambamba na elektroni za waya, upande uleule na kwa kasi ileile v. Hiyo yaweza kuwa elektroni mojawapo ya waya wa pili uliolazwa ubavuni mwa wa kwanza. Majaribio yanaonyesha kwamba elektroni hiyo huvutwa kuelekea waya wa kwanza. Mtu aliyesimama chini hawezi kusema kwamba ni kani ya umeme, kwa kuwa waya hauna chaji ya jumla. Hulazimika kutaja kitu kingine, na hukiita kani ya sumaku.

4.2 Mtazamaji anayesafiri na elektroni

Tuitazame hali hiyohiyo kwa jicho la elektroni hiyo ya nje. Katika fremu yake ya rejea yenyewe imetulia. Elektroni za waya wa kwanza nazo zimetulia, kwa kuwa zinakwenda naye bega kwa bega. Kinachotembea ni ayoni za shaba, ambazo zinarudi nyuma kwa kasi v.

Ayoni hizo sasa zinaonekana zikiwa zimesongamana zaidi. Chaji yake kwa kila mita ni γλ. Elektroni za waya, kinyume chake, zimepoteza ufupikaji ziliokuwa nao katika fremu ya ardhi, hivyo zimeachana zaidi. Chaji yake kwa kila mita ni −λ/γ. Jumla si sifuri tena:

λ′ = λ(γ − 1/γ) = γλv²/c².

Waya uliokuwa hauna chaji umekuwa na chaji chanya. Elektroni ya nje, iliyo na chaji hasi, huvutwa nao kwa kani ya kawaida ya umeme. Katika fremu hii elektroni imetulia, na chembe iliyotulia haiguswi na kani ya sumaku. Mvuto wote ni wa umeme.

4.3 Kurejea katika fremu ya ardhi

Kani anayoipima mtazamaji wa pili ni F′ = qγλv²/(2πε₀c²r). Kani iliyo kimshazari wa pembe mraba na mwendo, ikihamishwa kwenda fremu ya ardhi, hugawanywa kwa γ. Tunapata:

F = qλv²/(2πε₀c²r).

Tukiandika μ₀ = 1/(ε₀c²) na kukumbuka kwamba I = λv, mlinganyo huu unakuwa F = qv × μ₀I/(2πr). Hiyo ndiyo kani ya sumaku inayofundishwa darasani, pamoja na uga wa sumaku wa waya mnyoofu, bila kukosa hata kigezo kimoja. Hatukukadiria popote, matokeo ni kamili kwa kasi yoyote iliyo chini ya c.

4.4 Tarakimu za waya halisi

Tuchukue nyaya mbili za shaba, kila moja ikiwa na unene wa milimita za mraba 25, zimelazwa sambamba kwa umbali wa sentimita 1, na kila moja ikipitisha mkondo wa ampea 100 upande mmoja. Shaba ina takriban elektroni huru 8.5 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo. Kutokana na hayo, chaji ya elektroni huru katika kila mita ya waya ni karibu kulombi 340,000, na kasi yake ya kusogea ni takriban milimita 0.29 kwa sekunde. Konokono huzipita kwa urahisi.

Uwiano wa v²/c² kwa kasi hiyo ni 9.6 × 10⁻²⁵. Kwa desimali za kawaida, zipo sifuri 24 baada ya nukta kabla ya kufikia tarakimu ya kwanza. Ni vigumu kuamini kwamba kitu kidogo namna hiyo kingeweza kusukuma chochote.

Tutazame upande wa pili wa hesabu. Kama elektroni huru za waya mmoja zingesukumana na elektroni huru za waya wa pili bila ayoni za shaba kusawazisha, kani kwa kila mita moja ingekuwa takriban nyutoni 2 × 10²³. Kani hiyo ni karibu mara sita ya ile ambayo Jua hutumia kuishikilia Dunia katika njia yake. Ndani ya kila mita ya waya wa kawaida, kwa hiyo, zimo kani za ukubwa wa kisayari, zilizofichwa kwa sababu chanya na hasi zimelingana.

Zidisha sasa tarakimu hizo mbili: 2 × 10²³ mara 9.6 × 10⁻²⁵ ni karibu nyutoni 0.2 kwa kila mita. Hiyo ndiyo kani ya sumaku inayopatikana kwa mlinganyo wa kawaida wa Ampère kwa nyaya hizo. Inalingana na uzito wa gramu 20 hivi. Inapimika kwa vifaa vya kawaida vya maabara.

Mnunuzi wa dhahabu analifahamu jambo linalofanana na hili. Mizani yenye vikombe viwili vilivyosheheni uzito mkubwa, ikiwa imesawazishwa vyema, huinama kwa punje moja iliyoongezwa upande mmoja. Uwezo wa kuiona punje hutokana na usawa wa mizigo miwili. Katika waya, uhusianifu ndio punje, na usawa wa chaji ndio mizani.

5.0 Maswali matatu yanayoibuka

Swali la kwanza ni kwa nini waya usiwe na chaji katika fremu ya ardhi, hali elektroni zake zinatembea na zingepaswa kufupika. Jibu ni kwamba elektroni hazikufungwa pamoja kama pete za mnyororo. Swichi inapowashwa, elektroni zinazoingia upande mmoja wa waya ni sawa na zinazotoka upande wa pili; ziada yoyote ingesukumana na kuondoka. Nafasi baina yake katika fremu ya ardhi hubaki ileile. Kinachobadilika ni nafasi hiyo inavyopimwa katika fremu ya elektroni zenyewe: huko imekuwa kubwa zaidi.

Swali la pili ni mahali ilikotoka chaji chanya ya ziada katika fremu ya elektroni, ikizingatiwa kwamba chaji haiumbwi wala kupotea. Mkondo hupita katika saketi iliyofungwa. Waya unaokwenda kwenye mota lazima uwe na mwenzake unaorudi. Katika waya wa kurudi, elektroni hutembea upande wa pili, na kwa mtazamaji wetu zinaonekana zikienda kasi zaidi na kusongamana zaidi. Waya huo unakuwa na chaji hasi. Jumla ya saketi nzima hubaki sifuri. Watazamaji wawili hutofautiana kuhusu mgawanyo wa chaji kwa sababu hutofautiana kuhusu ni matukio gani yanatokea kwa wakati mmoja, na kuhesabu chaji zilizo katika mita moja ya waya ni kuzihesabu zote kwa wakati mmoja. Hapo hapo tunapata maelezo ya jambo jingine: elektroni yetu husukumwa na waya wa kurudi, na ndivyo majaribio yanavyoonyesha, kwamba mikondo inayokwenda pande tofauti husukumana.

Swali la tatu linahusu umeme wa gridi, ambao hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde. Katika waya wetu, elektroni haziendi popote. Huchezacheza kwa umbali wa takriban milimita 0.0013 kila upande wa mahali pake. Hoja haiathiriki. Kwa kuwa kani hutegemea v², na mikondo ya nyaya zote mbili hugeuka kwa pamoja, mvuto hubaki mvuto katika kila nusu ya mzunguko.

6.0 Jenereta na mwanzo wa hoja ya Einstein

Mahali ambapo gridi haijafika au imekatika, umeme hutoka kwenye jenereta. Ndani ya jenereta za kawaida, sumaku huzungushwa mbele ya koili zilizotulia, ingawa zipo pia zile ambazo koili ndizo huzunguka. Kabla ya 1905 hali hizi mbili zilielezwa kwa namna mbili. Sumaku inapotembea, ilisemwa kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzaa uga wa umeme, na uga huo husukuma elektroni za koili. Koili inapotembea, ilisemwa kwamba hakuna uga wa umeme. Elektroni husukumwa na kani ya sumaku kwa sababu zinatembea ndani ya uga. Mkondo unaopatikana, hata hivyo, ni uleule mradi mwendo wa kimoja kwa kingine ni uleule.

Einstein aliona kwamba maelezo mawili kwa tukio moja ni dalili ya kasoro katika nadharia, na akaanzia hapo. Suluhisho lake ni kwamba uga wa umeme na uga wa sumaku si vitu viwili. Ni pande mbili za kitu kimoja, na mgawanyo baina yake hutegemea mwendo wa mtazamaji. Kile ambacho mmoja hukiita kani ya umeme, mwingine hukiita kani ya sumaku, na wote wawili wako sahihi. Waya wa sehemu ya nne na jenereta ya sehemu hii hufundisha somo moja kutoka pande mbili.

7.0 Mipaka ya ufafanuzi huu

Hoja iliyotolewa hapa hutajwa mara nyingine kupita kiasi chake, na ni wajibu kubainisha inapokoma.

Kwanza, si sahihi kusema kwamba sumaku ni kiini macho kisichokuwepo. Katika fremu ya elektroni, waya bado una uga wa sumaku, kwa kuwa ayoni zinazotembea ni mkondo; ila uga huo hauigusi elektroni iliyotulia. Zaidi ya hayo, uhusianifu unaonyesha kwamba tofauti E² − c²B² ni ileile kwa kila mtazamaji. Kwa waya usio na chaji katika fremu ya ardhi, E ni sifuri na tofauti hiyo ni hasi. Kwa hiyo hakuna mtazamaji yeyote anayeweza kuufuta uga wa sumaku wa waya huo. Kinachoweza kufutwa ni kani ya sumaku juu ya chembe moja, kwa kusafiri pamoja nayo.

Pili, sheria ya kani ya umeme baina ya chaji zilizotulia, pamoja na uhusianifu peke yake, havitoshi kuzaa milinganyo yote ya Maxwell. Tumehitaji kuongeza kwamba chaji haibadiliki kwa mwendo, na kwamba sheria ya Gauss hushika hata kwa chaji zinazotembea. Chaji zinazobadili kasi, ambazo ndizo hutoa mawimbi ya redio na nuru, zinahitaji nadharia kamili ya uga.

Tatu, usumaku wa chuma una chanzo cha ziada. Wachenjuaji wa dhahabu hutumia sumaku kuondoa mchanga mweusi wenye magnetaiti kabla ya hatua za mwisho. Mvuto huo hautokani na elektroni zinazotiririka katika waya. Hutokana kwa sehemu kubwa na spini, sifa ya asili ya kila elektroni, na mpangilio wake huelezwa kwa fizikia ya kwanta. Kwa kuwa mota ina kiini cha chuma kinachokuza uga wa koili zake, maelezo kamili ya mota yanahitaji pia spini hiyo. Hata hapa uhusianifu hauko mbali: mlinganyo ambao Paul Dirac aliutangaza mwaka 1928, kwa kuunganisha nadharia ya kwanta na uhusianifu, ulitoa spini ya elektroni na ukubwa wa usumaku wake bila kuviingiza kwa mkono. Lakini hoja ya ufupikaji wa urefu peke yake haifiki huko, na mwalimu asidai kwamba inafika.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejenga kani ya sumaku baina ya nyaya mbili kutoka katika kani ya umeme, kutobadilika kwa chaji, na ufupikaji wa urefu. Yameonyesha kwa tarakimu kwamba kasi ndogo ya elektroni si kizuizi: athari ya ukubwa wa 10⁻²⁴ huzidishwa na kani fiche ya ukubwa wa 10²³, na zao lake ni kani inayohisika. Dhana kwamba uhusianifu ni wa kasi kubwa tu inapaswa kuachwa katika ufundishaji.

Inapendekezwa kwamba mada ya kani ya sumaku, inapofundishwa katika ngazi ya juu ya sekondari na vyuoni, iambatanishwe na hesabu ya sehemu ya 4.4, ambayo haihitaji zaidi ya aljebra na milinganyo ambayo mwanafunzi tayari anaifahamu. Kanuni ya mkono wa kushoto ibaki kama chombo cha kupata mwelekeo, lakini isichukue nafasi ya sababu. Mwanafunzi wa Iramba anayesikia karasha likisaga mawe yuko mbele ya jaribio la uhusianifu linaloendelea mchana na usiku. Akifundishwa hivyo, nadharia hii itakuwa kwake maelezo ya mashine anazoziona kila siku na ya rangi ya madini anayoyafahamu tangu utotoni.